Udongo Uliokataa Maji

Siku ile oveni ya maabara iliharibika, na kama isingeharibika, Elinami Akyoo angeendelea kutia sahihi kwenye ripoti za maji mpaka astaafu.

Ilikuwa kazi ya kila Jumatatu. Unafungua mfuko mpya wa udongo wa kuchujia, unachota kijiko kimoja, unaukausha kwa nyuzi mia moja na tano, unaupima uzito, kisha unautia kwenye gilasi ya maji uone unavimba kiasi gani. Elinami alikuwa mkuu wa maabara ya Mamlaka ya Maji ya Nkoaringa kwa miaka minane, na kazi hii angeweza kuwaachia walio chini yake, lakini aliipenda. Aliupenda ule wakati ambapo kijiko kimoja cha vumbi la kijivu kilijaza nusu ya gilasi kama uji ulioumuka. Jumatatu hiyo aliitwa kikaoni. Aliporudi alikuta oveni imekwama kwenye nyuzi mia tatu na udongo umeungua. Alitaka kuumwaga. Kwa ubahili tu wa mkono uliozoea kazi, akautia majini.

Udongo ukazama. Ukakaa chini ya gilasi kama mchanga wa mtoni, hauna habari na maji.

Elinami alivuta kiti akakaa. Udongo wa namna ile ni kurasa juu ya kurasa, nyembamba kupita kitu chochote ambacho jicho linaweza kuona, na katikati ya kurasa hizo hukaa ioni, abiria wadogo wenye chaji ya umeme. Maji huwafuata abiria hao, kurasa huachana, udongo huvimba. Abiria wanaweza kubadilishwa: unawashusha hawa, unawapandisha wale, na udongo unabaki uleule kwa macho lakini tabia yake imekuwa nyingine. Lebo ya mfuko ilisema abiria ni sodiamu. Udongo wa sodiamu hata ukiuunguza kwa joto lile hauisahau kazi yake. Ukiurudisha majini, unavimba. Ni abiria mmoja tu, mdogo kuliko wenzake, ambaye akipata moto huteleza na kujificha ndani ya tundu za ukurasa wenyewe, kurasa zikajifunga, maji yakakosa mlango. Jina lake ni lithiamu. Elinami alifundishwa jambo hilo akiwa na miaka ishirini na miwili, na mwalimu aliyemfundisha alikuwa Profesa Mbazi Mgonja, mtu aliyeutengeneza udongo huu.

Alichota mwingine ambao haujaguswa na moto. Aliuloweka kwenye tindikali, akachovya waya, akauweka waya kwenye mwali. Ungekuwa sodiamu, mwali ungegeuka manjano kama kiini cha yai. Uligeuka mwekundu, wekundu wa maua ya mkrismasi.

Alifungua mifuko saba. Yote ilitoa mwali mwekundu. Kisha akapima maji ya bomba lililokuwa hapo hapo mbele yake, bomba ambalo alilinywea kila siku. Lithiamu ilikuwemo, imeshuka kutoka kwenye udongo. Ilikuwa kidogo, chini ya ile ambayo hospitali humpa mgonjwa wa akili ili atulie, lakini ilikuwa ya kila kikombe, kila sufuria ya ugali, kila chupa ya mtoto. Katika orodha ya vipimo ishirini na vitatu alivyovitilia sahihi kila mwezi, lithiamu haikuwemo. Orodha hiyo pia iliandikwa na Profesa.

*

Ili mtu aelewe Elinami alihisi nini, lazima ajue Profesa alikuwa nani kwake, na kwa mji wote.

Maji ya Nkoaringa hutoka kwenye miamba ya volkano na yamejaa floridi. Kabla ya Mnara wa kuchujia maji kujengwa, watoto waliota meno ya kahawia na miguu ikapinda kama upinde. Chemchemi chache zenye maji mema zilipoanza kukauka, watu walizigombea, na ule mwaka ambao mpaka leo huitwa Mwaka wa Visima, watu thelathini na saba waliuawa kwa mapanga katika muda wa wiki tatu. Mke wa Profesa alikuwa mmoja wao. Alikuwa na ndoo mkononi.

Profesa hakuondoka. Alijifungia maabara na mwanafunzi wake mmoja, Elinami, na kwa miaka miwili walipika oksidi za metali. Walichanganya chumvi za chuma na za zirkoniamu, wakazigandisha kwa magadi, wakaziosha, wakazichoma, wakapata punje ndogo za rangi ya karafuu. Punje ya kwanza haikushika kitu. Ya mia na kumi ilishika floridi yote iliyopita mbele yake, kwa sababu ndani ilikuwa na vitundu vingi kiasi kwamba ungeukunjua uso wa gramu moja, ungetandika sakafu za madarasa manne. Siku hiyo Profesa alimwita Elinami mwanangu kwa mara ya kwanza. Punje zikawekwa chini kwenye Mnara, udongo ukawekwa juu yake ili kulainisha maji, chemchemi zote zikafungwa kwa sheria, na watu elfu arobaini wakanywa kutoka mahali pamoja. Miguu ya watoto ikanyooka. Na watu wakaacha kuuana. Kila mtu alisema ni kwa sababu maji sasa yanatosha.

Elinami alisema hivyo pia. Tena alikuwa na sababu ya kuamini kwamba watu wa Nkoaringa wamejaliwa subira, maana miaka mitatu iliyopita binti yake Ndeshi, mwenye miaka saba, alikufa kwa homa ya mapafu, na yeye hakulia. Alimwosha, akamvika, akawapokea waombolezaji, akahakikisha chai inatosha. Wanawake walimsifu. Mumewe, Barakaeli, fundi wa reli aliyekuwa akifanya kazi Tanga na kuja nyumbani kila baada ya miezi miwili, alianguka juu ya kaburi wakamnyanyua watu wanne. Jioni ya tatu alimuuliza mkewe kama kweli alimpenda yule mtoto. Elinami alimjibu kwa utulivu kwamba alimpenda sana. Barakaeli alimtazama usoni muda mrefu, na baada ya miezi miwili hakurudi. Baadaye alituma talaka yenye maneno machache ya adabu.

Sasa, akiwa na waya mkononi, Elinami alianza kuhesabu miaka, na hesabu ikamtisha.

Hakumwambia mtu. Alianza kunywa maji ya mvuke ya maabara, yasiyo na kitu ndani, akiyatia chumvi kidogo ili yasimdhuru. Siku kumi hakuona tofauti. Siku ya kumi na nne alimkaripia karani kwa sababu ya mlango ulioachwa wazi, akashangaa sauti imetoka wapi. Siku ya kumi na saba, saa nne asubuhi, alikuwa sokoni akinunua nyanya, akaona soksi ndogo nyeupe zimetundikwa kwenye kibanda, zina utepe wa njano. Alilia akiwa amekaa chini kati ya matenga ya nyanya, akaita jina la mwanawe kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, na watu wa sokoni wakamzunguka wakimtazama kwa upole, wakimpepea, wakimuuliza kama ana malaria.

Alipofika nyumbani alimpigia simu Barakaeli. Alimweleza yote, kuhusu udongo na mwali na maji, akilia katikati ya maneno. Upande wa pili mtoto mchanga alikuwa akilia pia, na sauti ya mwanamke ikimbembeleza.

"Laiti ningejua," alisema Barakaeli.

*

Alikwenda kwa Profesa asubuhi iliyofuata, gilasi yake mkononi, na udongo uliokataa maji ukiwa bado umelala chini yake. Mzee alikuwa uani akipogoa mibuni. Walisalimiana kama kawaida, shikamoo na marahaba, akamkaribisha barazani, na Elinami akaiweka gilasi juu ya meza kati yao.

Profesa aliitazama. Alivua glavu moja, kisha ya pili.

"Oveni ilipanda mpaka ngapi?"

"Mia tatu."

"Nilijua siku moja oveni itaharibika," alisema.

Elinami alikuwa amejiandaa kwa uongo. Njiani alikuwa amepanga namna ya kuubomoa uongo huo hatua kwa hatua, na sasa hakuwa na la kubomoa. Mzee alieleza bila kuulizwa. Alisema baada ya kumzika mkewe alikaa akisoma takwimu za nchi nyingine, akaona dalili kwamba mahali ambapo maji yana lithiamu kiasi, visa vya kujiua na kuuana hupungua. Alisema hakuwa na uhakika. Alijaribu. Mwaka wa kwanza hakukuwa na mauaji hata moja, wa pili pia, na kila mwaka uliopita bila damu ulizidi kumfunga mdomo. Alisema ameweka kumbukumbu, na kwamba kwa hesabu yake kuna watu zaidi ya mia mbili wanaotembea mjini leo ambao wangekuwa makaburini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Basi," alisema Profesa, kama mtu aliyemaliza kuthibitisha kanuni ubaoni.

Elinami aliomba maji, kwa mazoea tu ya mgeni, na mara akakumbuka na kutaka kukataa. Lakini mzee alikuwa ameshainuka. Hakwenda kwenye bomba la jikoni. Alizunguka nyuma ya nyumba, na Elinami akasikia koki ya tangi. Matangi ya mvua yalikatazwa Nkoaringa tangu chemchemi zifungwe. La Profesa lilikuwa na kibali cha utafiti, na kibali hicho kilipitia maabara. Elinami mwenyewe ndiye aliyekigonga muhuri.

Mzee akarudi na kikombe. Elinami hakukipokea.

"Hayo ni ya mvua."

"Ya mvua."

"Wewe hunywi ya Mnara. Hujawahi kunywa."

"Lazima mmoja abaki macho, mwanangu."

Kitu kilichomjia Elinami wakati huo hakikuwa hasira bado. Ilikuwa picha. Aliiona siku ya mazishi ya Ndeshi, mvua ya manyunyu, na Profesa amesimama upande wake wa kushoto, ameushika mkono wake kwa mikono yake miwili, machozi yakimdondoka mpaka kwenye kola. Alikuwa amemshukuru Mungu siku ile kwa kumpa baba wa pili, mwenye moyo laini kuliko wake.

"Siku ya Ndeshi ulilia," alisema. "Ulinishika mkono. Ulikuwa unajua kwa nini mimi silii."

"Nilijua."

"Na Barakaeli alipoondoka ulikuja kunipa pole, ukaniambia wanaume wengine hawawezi kuvumilia mwanamke imara."

Profesa alikiweka kikombe mezani. Kwa mara ya kwanza hakuweza kumtazama. Alisema alifikiri kumpunguzia maumivu ni zawadi, kwamba yeye mwenyewe angetoa chochote ili asiyasikie aliyoyasikia alipomkuta mkewe kando ya kisima. Elinami alimuuliza mbona basi hakuinywa zawadi hiyo. Mzee alisema kama Elinami anataka kuuambia mji, na aende akauambie. Yeye hatamzuia wala hatakana. Alilisema kwa upole mno, na Elinami akatoka akiwa na wasiwasi asioweza kuueleza.

*

Wasiwasi huo aliuelewa Jumamosi, katika ukumbi wa mji.

Alisimama mbele ya watu mia nane na zaidi, wengine wakisikiliza kwa vipaza sauti nje. Aliwaeleza bila kuficha: udongo ulikuwa na nini, uliwekwa na nani, umewafanya nini kwa miaka kumi na mmoja. Alisema sahihi iliyo chini ya kila ripoti ya miaka minane iliyopita ni yake, na kwamba alitia sahihi bila kuchunguza. Alipomaliza alishika ukingo wa meza, akisubiri dhoruba.

Watu walitikisa vichwa polepole. Mtu mmoja alikohoa. Mama Eliakunda Nnko, muuza maziwa, ambaye kaka yake alikatwakatwa Mwaka wa Visima, aliinua mkono, akamshukuru binti Akyoo kwa kusema kweli, akauliza kama kesho maji yatatoka kama kawaida. Mwingine akasema kwamba jambo hilo si zuri, lakini wazee huwa na sababu zao. Mwenyekiti akapendekeza wapige kura. Mikono ikainuka, mingi sana, kwa utaratibu, ya kuuacha udongo ulivyo. Baadhi yao walimtabasamia Elinami kwa huruma, kama unavyomtabasamia mtoto aliyekimbia na habari ambayo wakubwa wanaijua.

Hapo ndipo alipojua kwamba amesalitiwa mpaka mwisho. Profesa hakuhitaji kumzuia. Alikuwa amewanyang'anya watu hawa kile kitu ambacho kingewawezesha kumuuliza.

Elinami angeweza kukubali. Angeweza pia kurudi Mnarani kimya kimya na kubadilisha udongo bila kumwambia mtu, ila huko kungekuwa kuufanyia mji lilelile alilolifanya mwalimu wake. Alisimama tena. Aliomba jambo moja: siku arobaini za udongo wa sodiamu, kila mtu akijua, kisha wapige kura upya. Walikubali. Walikubali upesi na kwa wema, na wepesi ule ulimuumiza kuliko kura ya kwanza. Aliuchukua hivyo hivyo, kwa sababu hakuwa na ruhusa nyingine ya kuchukua.

*

Siku ya kumi na tano tangu udongo ubadilishwe, kilio cha kwanza kilisikika mtaa wa juu. Hakikuwa na maiti. Ya kumi na nane, wanawake walianza kwenda makaburini asubuhi, wakiwa wamejifunga kanga kiunoni, kuwalilia watu waliozikwa miaka mitano, minane, kumi iliyopita. Wanaume walikaa nje ya nyumba zao wakitazama mikono yao. Wake na waume waliokaa pamoja kwa amani miaka yote walianza kurushiana maneno, na wengine waliokaa kama majirani tu wakaanza kutafutana mchana kama maharusi. Watoto, ambao hawakuwahi kuwaona wakubwa hivyo, waliogopa.

Siku ya ishirini na tisa, vijana wawili waligombana kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Mmoja, fundi baiskeli aitwaye Loishiye, alichomwa kisu, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Yalikuwa mauaji ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja. Elinami alikwenda msibani. Mama wa marehemu alimuuliza, mbele ya watu, kama anajua kwamba mwezi uliopita mwanawe alikuwa hai. Elinami alisema anajua. Hakujitetea, kwa kuwa kila utetezi aliokuwa nao ungekuwa na umbo la hesabu za Profesa.

Siku ya arobaini ukumbi haukutosha, wakakutana uwanja wa mnada, askari wakiwa wamekusanya mapanga langoni. Safari hii watu walisema. Mama Eliakunda alisimama akaliita jina la kaka yake mara tatu, akashindwa kuendelea. Baba mmoja alisema binti yake alijaribu kujinyonga zamani, na tangu Mnara hajajaribu tena, kwa hiyo yeye anautaka udongo wa zamani, na wasimwite mjinga. Walimzomea. Elinami aliomba wamsikilize, akasema dawa ile ipo hospitali, na anayeitaka aipate akijua anameza nini na kwa nini. Mama wa Loishiye hakupiga kura upande wowote. Kura zikahesabiwa mara mbili, na udongo wa sodiamu ukapita kwa tofauti ya mikono mia na kidogo.

Wakati huo ndipo Profesa alipoingia uwanjani, peke yake, kwa miguu, amevaa koti lake la kufundishia. Hakuna aliyemwita. Watu wakapasuka pande mbili, akapita katikati yao mpaka mbele. Alifungua mdomo kusema, na jiwe likatoka mahali ambapo hakuna aliyepaona. Lilimpata juu ya jicho. Akaanguka kwa magoti.

Elinami alikuwa karibu kuliko wote. Angeweza kusubiri lije jiwe la pili. Alijua litakuja akisubiri, na alijua hakuna ambaye angemlaumu. Alipiga magoti mbele ya mzee, akiwa kati yake na umati, akavua kilemba chake, akakikunja mara nne.

"Umeona?" alinong'ona Profesa. Damu ilikuwa imemziba jicho moja. "Umeona walivyo?"

"Nimeona," alisema Elinami. "Nyamaza."

Alikibana kitambaa kwenye jeraha ili damu ikome, na alibana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka mzee akagumia kwa maumivu, na hata hapo hakulegeza mkono.